Masahihisho Kwanza, Ramani Baadaye

Kila nikipokea faili jipya la bahari ya miaka ya nyuma, ramani ya joto siigusi. Nafungua kwanza faili dogo linalokaa pembeni, ambalo watu wengi hata hawalipakui: faili la masahihisho. Gridi yake, yaani vyumba vya mraba vinavyoigawa bahari, ni ileile na vina vyake ni vilevile, lakini namba zilizomo hazisemi maji yalikuwa na joto gani. Zinasema modeli ilibidi isukumwe kiasi gani, kupanda au kushuka, ili ikubaliane na vipimo. Nikishazipitia hizo ndipo nafungua ramani, na mara nyingi naitazama kwa jicho tofauti na la mtu aliyeanza nayo.

Wenzangu kazini huniona mkorofi. Nimeona nieleze mara moja, kwa urefu, ili siku nyingine nikiulizwa niwe na mahali pa kumwelekeza muulizaji.

Mafaili haya ni kitu gani, kwanza? Ukiona pameandikwa kwamba mwezi fulani wa mwaka 1983, katikati ya Pasifiki, kina cha mita 200, maji yalikuwa na joto kadhaa, usidhani palikuwa na mtu pale ameshika kipimajoto. Huenda alikuwepo. Uwezekano mkubwa hakuwepo. Namba ile imetengenezwa kwa kuunganisha vitu viwili. Kimoja ni modeli ya bahari, yaani kanuni za mwendo wa maji, joto na chumvi zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta, zikaendeshwa kwa upepo, mvua na mionzi ya jua ya siku zile. Cha pili ni vipimo, vyovyote vile vilivyopatikana karibu na pale, wakati ule. Modeli ikiachwa peke yake hupotea taratibu: maji yake huwa ya moto mno hapa, ya chumvi pungufu pale, na mikondo huhama njia. Vipimo vikiachwa peke yake vina matundu makubwa kuliko kitambaa chenyewe.

Matundu hayo yanastahili kusimuliwa, maana bila kuyajua huwezi kuelewa kwa nini watu wazima wanajitesa na hesabu hizi. Setilaiti huona uso tu, kwa kuwa mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Kwa huko chini, lazima kifaa kiteremke. Meli ya Uingereza HMS Challenger ilitoka Desemba 1872 ikarudi Mei 1876, ikiteremsha vipimajoto kwa kamba ndefu katika vituo mia tatu hivi, bahari nzima ya dunia, na hicho ndicho tulicho nacho kwa ajili ya karne nzima ya 19 kama picha ya jumla ya kina. Baadaye zikaja chupa za Nansen, za kuteka maji ya kina, zenye vipimajoto vinavyopinduliwa, vipimo safi kabisa, lakini kila kimoja kilidai meli isimame kwa saa nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikaingia kipimajoto cha kutupa, kinachoitwa XBT: kifaa chenye umbo la kombora dogo kinachodondoshwa kutoka kwenye meli inayoendelea na safari, kikitoa waya mwembamba wa shaba nyuma yake hadi waya unapokatika. Meli za mizigo zikaanza kupima bahari bila kupunguza mwendo. Njia za biashara zikajaa vipimo. Nje ya njia hizo pakabaki giza.

Halafu Argo. Maboya haya yalianza kusambazwa karibu na mwaka 2000, na mwishoni mwa 2007 yakafika 3,000. Boya la Argo huelea kwenye kina cha mita 1,000, kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi njia nzima, na likifika juu hutuma data kwa setilaiti. Halina injini ya kulisukuma. Husukuma mafuta kutoka ndani kwenda kwenye mfuko wa nje, ujazo wake ukaongezeka, likapanda. Huyarudisha ndani, likazama. Nikiwa na huzuni huangalia ramani ya maboya haya. Kuna pia tembo-bahari wa kusini, wale sili wakubwa, waliobandikwa vifaa vya kupimia vichwani na kutuletea data kutoka chini ya barafu ya Antaktika, mahali ambapo majira ya baridi hakuna meli inayotaka kwenda. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu maji ya huko kwa miezi hiyo tunadaiwa na wanyama hao.

Sasa hesabu. Msingi wake hautishi. Tuseme modeli inadai nyuzi 18 na kipimo kinadai nyuzi 19. Modeli tunaikadiria kosa la nyuzi 1, kipimo kosa la nusu. Yazidishe makosa hayo kila moja kwa lenyewe, upate 1 na 0.25. Sehemu ya tofauti tunayoipa kipimo ni 1 kugawanya kwa 1.25, yaani 0.8. Jibu ni nyuzi 18.8, na kosa lake ni 0.45 hivi, dogo kuliko la modeli na dogo kuliko la kipimo. Hapo ndipo penye utamu wote: mashahidi wawili wenye dosari, ukiwapima vizuri, wanakupa ushahidi bora kuliko wa yeyote kati yao. Rudolf Kálmán aliiweka hesabu hii katika umbo la kwenda hatua kwa hatua na wakati mwaka 1960, na mpaka leo tunasema kichujio cha Kalman.

Atakayeniuliza kwa nini kipimo nimekipa kosa la nusu nyuzi, ilhali kihisi cha Argo kinapima kwa usahihi wa nyuzi 0.002, atakuwa ameuliza swali zuri. Kifaa hakina shida. Shida ni kwamba boya limepima nukta, na modeli inazungumzia chumba cha gridi chenye upana wa kilomita 25 au zaidi. Ndani ya chumba hicho maji yanazunguka, joto linapanda na kushuka, na boya limepita kwenye kona moja tu. Kosa kubwa la kipimo, katika kazi hii, ni la kutowakilisha jirani zake. Nimeona watu wakiandika kosa la kiwandani kwenye programu, modeli ikalazimishwa kuamini kila nukta kama Msahafu, na matokeo yakawa bahari yenye madoa.

Ugumu wa kweli unaanza pale unapouliza: sahihisho la nukta hii lisambae hadi wapi? Boya limeniambia maji hapa ni moto kuliko nilivyodhani. Je, kilomita 100 mashariki pia? Je, mita 300 chini yake? Je, chumvi nayo ibadilike, na mkondo? Kwa kanuni, ungetengeneza jedwali kubwa linaloonyesha uhusiano wa kosa la kila nukta na kosa la kila nukta nyingine. Gridi ya ORAS5, mojawapo ya mafaili haya ya modeli na vipimo vilivyounganishwa (tunayaita uchanganuzi upya), linalotolewa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ina nukta 1,442 kwa 1,021 katika tabaka 75, ukihesabu na zilizoangukia nchi kavu. Ni zaidi ya milioni 110, kwa joto peke yake. Jedwali la milioni 110 kwa milioni 110 hakuna kompyuta inayolibeba. Kwa hiyo kila kikundi kina hila zake. Wengine huandika kanuni: sahihisho lisambae kwa umbali fulani, lirefuke zaidi mashariki na magharibi karibu na ikweta, likome kwenye ukingo wa bara. Wengine hufuata njia iliyoonyeshwa na Geir Evensen mwaka 1994, ya kuendesha nakala nyingi za modeli kwa pamoja, kila moja ikiwa imetikiswa kidogo, na kuacha tofauti baina yao ziseme wapi panahusiana na wapi.

Uhusiano huo ndio unaoruhusu setilaiti kuzungumzia kina isichokiona. Tangu TOPEX/Poseidon irushwe Agosti 1992, tumekuwa tukipima kimo cha uso wa bahari karibu dunia nzima. Maji ya moto hutanuka, kwa hiyo uso ukiwa juu kuliko kawaida, chini yake mara nyingi pana tabaka nene la maji ya moto. Katika tropiki, uso ukipanda sentimita 10, mpaka kati ya maji ya moto ya juu na ya baridi ya chini unaweza kuwa umeshuka mita 20 hivi. Modeli ikijua uhusiano huo, sentimita za juu zinageuka kuwa masahihisho ya joto kwenye kina. Ila kuna masharti. Ukisahihisha joto ukaiacha chumvi kama ilivyokuwa, uzito wa maji unaharibika: unaweza kuacha maji mazito juu ya mepesi, na modeli, ikiwa mtiifu kwa fizikia, itayapindua papo hapo, ikichanganya mamia ya mita ya maji ambayo kiuhalisia yalikuwa yametulia. Ndiyo maana joto na chumvi husahihishwa pamoja, kwa uhusiano ambao kila aina ya maji inao.

Na hapa ndipo tabia yangu ya kufungua masahihisho kwanza ilipozaliwa: ikweta.

Kwenye ikweta ya Pasifiki, upepo unasukuma maji kuelekea magharibi, maji yanarundikana huko, na mteremko wa shinikizo unaojitokeza unalingana na nguvu ya upepo. Mizani hiyo ni nyeti. Chukua modeli inayopewa upepo dhaifu kuliko wa kweli. Tabaka lake la maji ya moto litakuwa na mteremko mdogo mno. Vinakuja vipimo vya maboya yaliyotiwa nanga pale, vinasema mteremko ni mkali zaidi, na programu inasahihisha joto. Vizuri. Lakini upepo haujabadilika! Modeli inajikuta na mteremko usio na cha kuushikilia, maji yanakimbia kurudi kwenye hali ya mwanzo, na kukimbia huko kunazaa mzunguko wa juu na chini ambao haupo baharini. Siku kadhaa baadaye vipimo vinakuja tena, vinasukuma tena, na maji yanarudi tena. Ramani ya joto itakuonyesha mambo mazuri kabisa, kwa sababu joto ndilo linalosahihishwa. Mikondo ya kupanda na kushuka itakuwa takataka. Watu wa viumbe vya baharini wakichukua mikondo hiyo kuendeshea modeli za virutubisho, watapata mbolea ikipandishwa juu mahali ambapo haipandi, na mimea ya baharini ikistawi kwenye kompyuta peke yake.

Kwenye faili la masahihisho jambo hili linaonekana bila kutafutwa. Bahari inapotikisika kwa bahati, masahihisho huwa leo chanya, kesho hasi, na wastani wake kwa miaka hukaribia sifuri. Pale penye ugonjwa, alama ni ileile mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mike Bell, Matthew Martin na Nancy Nichols walichapisha mwaka 2004 dawa yake kwa upande wa ikweta: badala ya kulisahihisha joto tu, ile sehemu ya sahihisho inayojirudia ichukuliwe kama kosa la kudumu, na igeuzwe kuwa shinikizo la nyongeza ndani ya kanuni za mwendo, ili mteremko uliosahihishwa upate kitu cha kuushikilia. Mifumo kadhaa inatumia aina fulani ya dawa hiyo. Bado naangalia. Kwenye ikweta simwamini mtu.

Kuna jambo lingine ambalo masahihisho yanalifichua, na hili ni zito zaidi. Chukua daftari la mapato na matumizi ambalo kila baada ya siku tano kuna fedha inaingia au kutoka bila stakabadhi, ili salio lilingane na la benki. Salio litakuwa sahihi kila mara. Lakini huwezi kutumia daftari hilo kueleza kwa nini fedha imepungua. Uchanganuzi upya wa kawaida uko hivyo. ORAS5 husahihishwa kwa madirisha ya siku tano. Kila dirisha, joto na chumvi vinaongezwa au kuondolewa na hesabu, si na jua, si na mkondo. Ukitaka kujua joto lilikuwa wapi, jibu lipo. Ukitaka kujua lilifikaje pale, una safu ya matumizi iliyoandikwa "masahihisho", na wakati mwingine safu hiyo ni kubwa kuliko ya mikondo.

Ndiyo sababu napenda mradi wa ECCO, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, Carl Wunsch wa chuo cha MIT akiwa mmoja wa waliousukuma, pamoja na watu wa JPL, maabara ya NASA, na wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari. Wao hawaruhusu fedha isiyo na stakabadhi. Modeli yao inaendeshwa kuanzia 1992 hadi mwisho bila kuguswa katikati. Kinachobadilishwa ni vitu vinavyoruhusiwa kubadilika kwa haki: hali ya mwanzo, upepo na joto kutoka hewani, viwango vya kuchanganyika kwa maji. Wanaendesha modeli, wanakusanya tofauti zote baina yake na vipimo vya miaka yote, kisha wanaendesha modeli ya pili inayokwenda kinyume na wakati, ikibeba tofauti hizo kurudi nyuma hadi kwenye vyanzo vyake. Boya limeona maji ya moto mwaka 2005. Modeli ya kinyume inaweza kukuambia kwamba upepo wa mahali pengine kabisa, miaka kadhaa kabla, ndio unaostahili kurekebishwa kidogo. Msimbo huo wa kinyume hauandikwi wote kwa mkono. Kuna programu inayousoma msimbo wa modeli mstari kwa mstari na kutoa msimbo wa pili unaokwenda nyuma, jambo ambalo mpaka leo bado linanishangaza. Kisha wanarekebisha, wanaendesha upya, mara nyingi, hadi tofauti zipungue.

Bei yake? Gridi ya ECCO toleo la nne ni ya nyuzi moja hivi ya latitudo na longitudo, pana mno kuonyesha mizunguko midogo ya maji. GLORYS12, uchanganuzi upya wa kituo cha Mercator Ocean cha Ufaransa, unaoanzia 1993, ina gridi ya sehemu ya kumi na mbili ya nyuzi, na ukiiangalia unaona mikondo ikijikunja kama ilivyo kwenye picha za setilaiti. Kwa hiyo nikiulizwa ipi bora, nauliza: unataka kujua wapi, au unataka kujua kwa nini? Kwa "wapi" nakupa GLORYS12. Kwa "kwa nini" nakupa ECCO, hata kama picha yake haikupendezi.

Sijagusa bado kitu kinachoniudhi kuliko vyote: vifaa vilivyobadilika katikati ya historia. Mfumo wa vipimo haukubaki uleule, na modeli haijui hilo mpaka uiambie. XBT haina kihisi cha shinikizo. Kina chake hukadiriwa kwa muda tangu kiguse maji, kwa kanuni ya kasi ya kuzama. Kikizama haraka au polepole kuliko kanuni, kila joto linaandikwa kwenye kina kisicho chake. Viktor Gouretski na Klaus Peter Koltermann walionyesha mwaka 2007 kwamba vifaa hivi vilikuwa na mwelekeo wa kuzidisha joto, na kwamba kosa lenyewe lilibadilika kadiri miaka ilivyopita. Nundu ya joto ya miaka ya 1970 na 1980, iliyokuwa imewapa watu kazi ya kuitafutia maelezo, ilishuka sana baada ya marekebisho.

Vipimo vya uso wa bahari navyo havikusalimika. Maji yaliyotekwa kwa ndoo ya turubai hupoa kwa upepo kabla ya kupimwa. Yaliyopimwa kwenye bomba linaloyaingiza kwenye mashine ya meli huwa na joto la ziada. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, uwiano wa meli za Marekani na za Uingereza katika kumbukumbu ulibadilika ghafla, na pamoja nao njia ya kupima, na wastani wa joto la bahari ukaporomoka ghafla kwenye michoro. David Thompson na wenzake ndio walioeleza hilo mwaka 2008. Na hata Argo ilikuwa na yake: mwaka 2006 ilichapishwa kwamba bahari ya juu ilikuwa imepoa kuanzia 2003, kisha Josh Willis wa JPL na wenzake, walewale waliochapisha, wakagundua kwamba baadhi ya maboya yalikuwa yakiandika vina visivyo sahihi, na kwamba XBT zilizochanganywa nayo zilikuwa zikizidisha joto. Wakasema hadharani. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Fikiria sasa modeli yenye kasoro ya kudumu, tuseme maji yake ya kusini ni ya baridi mno. Kabla ya Argo hakuna wa kuisahihisha. Karibu na 2003 maboya yanafika, na ndani ya miaka miwili mitatu kusini kote kunavutwa kuelekea ukweli. Kwenye mchoro wa wastani utaona bahari ya kusini ikipanda joto kwa kasi. Sehemu ya kupanda huko ni ya bahari kweli. Sehemu ni kuwasili kwa maboya. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, lakini faili la masahihisho litaonyesha rundo kubwa la upande mmoja katika miaka hiyohiyo, na hapo unajua pa kuweka kidole. Njia nyingine ni kuiendesha modeli ileile bila vipimo kabisa na kulinganisha, au kuficha maboya machache makusudi na kuona kama matokeo yatavikaribia vipimo vyake.

Anayedhani kwamba kuongeza vipimo lazima kuwaleta watu karibu kimawazo, asome kazi ya Alicia Karspeck na wenzake ya 2017. Walichukua uchanganuzi upya sita na kuangalia mzunguko mkubwa wa Atlantiki, ule unaobeba maji ya moto kaskazini juu na kurudisha ya baridi kusini chini, kuanzia 1960 hadi 2007. Mabadiliko ya mwaka hadi mwaka katika mifumo hiyo sita yalikubaliana kidogo kuliko katika modeli zilizoendeshwa bila vipimo vya kina. Yaani kila kikundi kilipojaribu kuwa karibu zaidi na ukweli, vikaachana wao kwa wao. Hesabu ya mzunguko huo inategemea tofauti ndogo za uzito wa maji kati ya ukingo wa mashariki na wa magharibi, na kila mfumo unasambaza masahihisho kwa namna yake pale kwenye kingo. Nyaya na vifaa vya RAPID, mradi wa kupima mzunguko huo, vilivyowekwa kwenye latitudo 26.5 kaskazini mwaka 2004 ndivyo vilivyotupa kipimo cha moja kwa moja, wastani wa takriban mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde. Kwa miaka ya kabla ya hapo, mchoro wa mzunguko huo nikiuona umechorwa kwa mstari mmoja mwembamba usio na kivuli cha shaka pembeni, nafunga ukurasa.

Nisieleweke kwamba naidharau kazi hii. Kuna mambo ambayo bila kuunganisha modeli na vipimo yasingejulikana kabisa. Geoffrey Gebbie na Peter Huybers, mwaka 2019, walichukua modeli ya mzunguko wa maji iliyolinganishwa na vipimo vya kisasa, wakaipa historia ya joto la uso kwa karne nyingi, wakaiachia ifanye kazi. Maji ya kina cha Pasifiki huchukua karne nyingi tangu yaguse hewa mara ya mwisho. Modeli ikasema: kule chini, kwenye kina cha kilomita mbili hivi, Pasifiki bado inapoa, kwa sababu maji yaliyopozwa wakati wa kile kipindi cha baridi cha karne zilizopita ndiyo kwanza yanafika. Kisha wakarudi kwenye vipimajoto vya Challenger, wakavilinganisha na vipimo vya miaka ya 1990, na vikaelekea kukubaliana: juu kumepanda joto, chini katika Pasifiki kumepoa, kwa nyuzi 0.02 hadi 0.08. Vipimajoto vile vya kamba, vilivyobanwa na shinikizo na kulalamikiwa tangu enzi zake, vimeshiriki hoja ambayo mabaharia wa 1874 wasingeiwaza. Kwa kazi kama hiyo nasamehe mengi.

Juzijuzi mwenzangu mmoja wa mambo ya samaki alitaka joto la mita 150 kwa mwaka 1967, mwezi kwa mwezi, kwa eneo lake la utafiti. Nilimpa nakala zote tano za ORAS5 badala ya wastani wake, maana sehemu yake ya nyuma inafika 1958, na nikamwonya kwamba zikikaribiana asifurahi haraka: zote tano zimezaliwa na modeli moja, na ndugu wa tumbo moja hukosea pamoja. Nikamwongezea uchanganuzi wa kituo kingine, na orodha ya vipimo halisi vilivyoingia kila mwezi. Alinuna kidogo. Alitaka safu moja ya namba, nami nikampa mzigo.

Lakini alikaa nayo. Jedwali lake sasa lina safu ya joto na safu ya idadi ya vipimo vilivyokuwa ndani ya kilomita 300. Miezi yenye sifuri ameipaka kijivu, na mchoro wake una kijivu kingi kuliko rangi. Tumekubaliana kwamba kwa miezi hiyo atumie wastani wa msimu mzima na asidai zaidi ya hapo. Sasa anataka chumvi ya mwaka uleule. XBT haipimi chumvi, nimemkumbusha, na meli zilizoteremsha chupa mwaka ule zilikuwa chache. Amesema nimpe hivyohivyo.